Mkono Utakaa Wapi: Niliyojifunza kwa Kuchonga Pinde Lubumbashi

Kijana akiniletea mti wa upinde hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, mara nyingi anakuwa ameshaupima na kupiga alama ya penseli katikati kabisa. Alama hiyo anaiamini. Mpini utakaa hapo, bawa moja huku, jingine kule, sawa kwa sawa. Mimi siifuti. Namwomba tu akunje ngumi ya mkono wa kushoto, aishike ile alama kama anayetaka kulenga, halafu anionyeshe mshale utapita wapi. Mshale haupiti ndani ya ngumi. Unapita juu yake, na hapo alama ya penseli inaanza kuleta maswali.

Upinde wa mti mmoja una sehemu tatu zinazogombea nafasi moja: katikati ya mti wenyewe, pale kiganja kinaposukuma, na pale mshale unapopita. Ukitaka mshale upite katikati halisi, ngumi nzima inashuka chini ya katikati. Ukitaka ngumi ndiyo ikae katikati, mshale unapanda. Hakuna ufundi wa kuzipatanisha zote tatu. Anayechonga anachagua ipi isogee na kwa kiasi gani, na uchaguzi huo ndio unaoamua urefu wa kila bawa, kabla hata hujashika shoka.

Tuseme upinde una sm 170 kutoka kikato cha ugwe, yaani kamba ya upinde, hadi kikato cha pili, na mpini ni sm 10, kiasi cha ngumi ya mtu mzima. Ukiuweka mpini katikati, kila bawa linapata sm 80 na mshale unapita sm 5 juu ya katikati. Ukiupitisha mshale katikati, mpini wote unakuwa chini, bawa la juu linapata sm 85 na la chini sm 75. Iko njia iliyo kati ya hizo: mshale unapita kama sm 3 juu ya katikati, bawa la juu linakuwa sm 82 na la chini sm 78. Hiyo ndiyo ninayoitumia zaidi, na ndiyo utakayoikuta kwa wachongaji wengi wa pinde za mti, tofauti ikiwa sentimita moja hapa au pale.

Sipendi kuisema kama sheria. Wajapani wana upinde wao, yumi, wenye zaidi ya mita 2, na mkono unaushika karibu na theluthi moja kutoka chini. Bawa la juu ni karibu mara mbili ya la chini, na bado mshale unafika unakotumwa, karne baada ya karne. Urefu wa mabawa pale hauna usawa wowote. Unene wa kila bawa ndio umepangwa kufuata mahali mkono ulipo, na hilo ndilo jambo ninalolitafuta katika kila upinde, uwe wa Japani au wa Katuba.

Alikuja kijana mmoja wa kikundi cha maigizo na upinde aliouchonga mwenyewe. Walikuwa wanaandaa mchezo juu ya mwanzo wa ufalme wa Waluba, naye alipewa nafasi ya Mbidi Kiluwe, yule mwindaji mgeni aliyetoka mashariki akafika kwa mfalme Nkongolo, akamzaa Kalala Ilunga aliyekuja kutawala. Huwezi kumwigiza Mbidi kwa fimbo yenye kamba. Kwa Waluba upinde ni kitu cha kifalme. Wafalme wao walikuwa na vishikilia pinde vya kuchongwa, vya matawi matatu, mara nyingi na umbo la mwanamke kwenye shina, vikitunzwa ndani mbali na macho ya watu. Kijana aliichukua kazi yake kwa uzito huo. Upinde wake ulikuwa umepigwa msasa hadi unang'aa, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Papa, hii upinde inakataa."

"Inakataa namna gani?"

"Inazunguka mu mukono. Nikivuta, siwezi kuishika muzuri."

Nikamwambia avute. Bawa la juu likakunjika sana, la chini likabaki karibu limenyooka, na mpini ukamzunguka kiganjani mpaka akalazimika kuubana kwa vidole vyote. Nikachukua mita. Mshale alikuwa ameupitisha katikati kabisa: 85 juu, 75 chini. Mabawa yote mawili alikuwa ameyachonga kwa unene uleule, akiyapima kwa kalipa kila baada ya sentimita chache, kwa uangalifu kuliko mafundi wengi ninaowajua. Huo unene sawa ndio uliomponza.

Bawa la upinde ni mti ulioshikwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Ugumu wa mti wa namna hiyo unapungua kwa mchemraba wa urefu, yaani ukiurefusha mara mbili, ugumu unabaki sehemu moja ya nane. Bawa la sm 75 lenye unene na upana sawa na la sm 85 linakuwa gumu karibu mara moja na nusu. Hata katika mpango wangu wa 82 na 78, sentimita nne tu zinalifanya bawa la chini kuwa gumu zaidi kwa karibu asilimia 16, na hakuna aliyeligusa. Unene nao unakwenda kwa mchemraba, ila kwa kupanda: punguza asilimia 10 ya unene na umeondoa zaidi ya robo ya ugumu. Upana ni mpole. Ukiondoa asilimia 10 ya upana, ugumu unapungua asilimia 10, basi. Ndiyo maana bawa likiwa gumu mno nakwangua tumbo, yaani upande unaomtazama mvutaji, na likiwa limebakiza kidogo tu naenda ubavuni, ambako mkono ukiteleza hauharibu sana. Kwa bawa la unene wa mm 14, ile asilimia 16 yote inakwisha ukikwangua mm 0.7 hivi, unene wa laini ndogo ya simu. Watu hawaamini hadi waone maganda yenyewe mezani, machache kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa.

Kijana alikuwa ameshauona ugonjwa na kujaribu kuutibu. Alikwangua bawa la chini karibu na mpini, akakwangua tena, akavuta kwa nguvu ili lipinde. Niligeuza upinde, nikapitisha ukucha kwenye tumbo lake. Sentimita chache chini ya mpini ukucha ukaanza kugonga. Tukausogeza mlangoni penye mwanga: mistari myembamba iliyofifia, imekingama na nyuzi za mti, mitano au sita ikiwa imefuatana. Upinde ukivutwa, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa, na pale tumbo lilikuwa limebanwa kupita uwezo wake, nyuzi zikakunjamana. Mikunjo hiyo haiponi. Gundi haisaidii, na kukwangua zaidi kunaalika mingine.

Bawa fupi lina taabu mbili. Kwanza ni gumu kuliko refu. Pili, ukililazimisha lipinde sawa na refu, kila sentimita yake inabeba mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo linachoka mapema na linaanza kubaki limejikunja hata baada ya kutoa ugwe. Kwa hiyo haliachwi na ugumu wote liliozaliwa nao, wala halikwanguliwi mpaka likawa laini kama refu. Linaachwa katikati ya hayo mawili.

Nilikata sm 5 kutoka ncha ya juu na kuchonga kikato kipya. Upinde ukawa wa sm 165, bawa la juu 80 na la chini 75, na katikati ya mti ikashuka ikawa sm 2.5 chini ya mshale, bila kuugusa mpini. Mzunguko ule wa kiganjani ukaisha karibu wote. Kwa ajili ya ile mikunjo nilimwambia asivute zaidi ya nusu, na jukwaani nusu inatosha. Watazamaji wanaangalia macho ya Mbidi, hawapimi kilo.

Kwa nini bawa la chini ndilo liwe gumu kidogo, na si la juu? Simama ukavute upinde wowote polepole, utahisi. Vidole vinavuta ugwe juu kidogo ya pale kiganja kinaposukuma, maana mshale uko juu ya ngumi. Mvuto na msukumo haviko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo ncha ya juu inataka kuinama kuelekea kwako. Ugumu wa ziada wa bawa la chini unaurudisha upinde usimame. Kipimo chake ni rahisi. Upinde ukiwa umefungwa ugwe na haujavutwa, pima kutoka ugwe hadi tumbo pale mteremko wa mpini, unaoshuka kuungana na bawa, unapoishia upande wa juu, halafu mahali kama hapo upande wa chini. Kipimo cha juu kizidi cha chini kwa mm 3 hadi 6.

Hiyo ni kwa anayevuta kidole kimoja kikiwa juu ya mshale na viwili chini. Akiweka vyote vitatu chini ya mshale, mvuto unashuka na kukaribia msukumo, basi mabawa namsawazishia karibu sawa. Na yuko mtu anayesukuma kwa kisigino cha kiganja badala ya uwanda ulio kati ya gumba na shahada. Msukumo wake uko chini zaidi, na bawa la chini linahitaji ugumu zaidi. Ndiyo maana mteja akija namshikisha upinde wangu wa zamani kwanza na kumtazama mikono, kabla ya kuzungumza bei. Wengine wanadhani nawapotezea muda. Upinde mzuri wa fulani unaweza kuzunguka mkononi mwa nduguye, na wote wawili wakawa hawana kosa.

Karakana yangu ina ubao uliosimama ukutani, wenye kitako juu cha kulaza mpini na kapi chini, karibu na sakafu. Kamba inatoka kwenye ugwe, inapita kwenye kapi na kunijia nikiwa upande wa pili wa chumba. Navuta kidogo, naangalia, nalegeza, nakwangua kwa kipande cha kioo, navuta tena. Nyuma ya ubao nimepiga mistari ya mlalo ili jicho lisidanganyike. Siku hizi napiga na picha ya simu, halafu naigeuza kichwa chini. Bawa lililojificha kwa mazoea ya macho linajitokeza lenyewe.

Jambo la kuangalia hapo ni kile kitako. Wachongaji wengi wanatengeneza kipana, chenye kuta mbili, kinachoubana mpini usitikisike. Kinapendeza kufanyia kazi, na kinaficha ugonjwa, kwa sababu upinde uliobanwa hauwezi kuzunguka hata ukitaka. Changu ni mti wa mviringo, mwembamba, na unagusa mpini pale tu kiganja kitakaposukuma. Ndoano ya kuvutia naiweka pale vidole vitakapovuta, si katikati ya ugwe. Hapo upinde unakuwa huru kuniambia. Ukiyumba, mara nyingi upande unaoshuka ndio wenye bawa gumu, kinyume na macho yanavyodhani, kwa sababu jicho linakimbilia lile bawa lililokunjika zaidi. Naukwangua upande ulioshuka, navuta tena mara nyingi kwa kina kifupi ili mti uizoee hali mpya, ndipo naangalia. Kabla mabawa hayajasawazika sivuti hata sentimita moja zaidi ya pale kasoro inapoonekana, na sivuti kamwe kilo nyingi kuliko zile upinde utakazobeba mwisho. Mti uliokwisha kuumizwa kwenye ubao hautakusamehe nje.

Mjomba wangu, aliyekulia upande wa Bukama, hakuwa na ubao wala kapi. Alikuwa anakanyaga, anavuta, anafumba jicho moja. Na pinde zake hazikuwa na mpini wa kuchongwa hata kidogo: mti uliendelea mzima kutoka ncha hadi ncha, ukiwa mnene kidogo tu katikati, umezungushiwa ngozi pale mkono unapokaa. Ukivuta, unauhisi mti ukijikunja hata ndani ya ngumi. Nilipomuuliza anajuaje upande wa juu ni upi, hakunijibu kwa kipimo. Aliugeuza upinde mkononi, akavuta, akaugeuza tena.

"Njo muti inasema, mwipwa, haiko weye." Yaani, ni mti unaosema, si wewe.

Alikuwa na ujanja mkubwa katika kugeuza huko, na ndio unaonifanya nisiwadharau wanaoanza na mabawa sawasawa. Mpini ukiwa katikati, na pande zote mbili za mpini zimechongwa kwa umbo moja, unaweza kuchelewa kuamua ipi ni juu. Sawazisha mabawa, vuta, geuza, vuta. Upande ulio dhaifu kidogo unaupa nafasi ya juu, na tatizo limegeuka kuwa kipimo sahihi bila kukwangua chochote. Jirani yangu seremala anachonga hivyo siku zote. Mshale wake unapita sm 5 juu ya katikati, kwa hiyo anahitaji ugumu zaidi chini kuliko mimi, lakini pinde zake zinarusha vizuri na hatujawahi kumaliza ubishi huo.

Mwenye mti wenye kasoro, hata hivyo, hana anasa ya kuchagua. Na siku hizi miti mingi tunayopata ina kasoro. Miombo ya pembezoni mwa Lubumbashi imeingia kwenye tanuri za makala, yaani makaa, na mti ulionyooka wa kipenyo kizuri unautafuta mbali, upande wa barabara ya Kasenga au zaidi. Mimi hupatana na wachoma makala wenyewe: wakikuta mche ulionyooka wanautenga, nami naununua kwa bei inayozidi ya makala yake. Mjomba alipenda jamii ya mkole. Karatusi iko tele mjini, lakini nyuzi zake hupenda kuzunguka na hupasuka vibaya ikikauka, hivyo nachagua kwa kutazama ganda na mipasuko kwanza.

Fundo ndani ya bawa ni hatari. Fundo ndani ya mpini ni pambo. Mpini haupindi, kwa hiyo unaweza kubeba fundo, kona ndogo, hata ufa mfupi, vitu ambavyo vingevunja bawa. Basi kabla ya kupima urefu naangalia kasoro kubwa iko wapi, najiuliza kama naweza kuimeza kwenye mpini. Nilipata mche wa sm 195 wenye fundo nene sm 85 kutoka upande wa shina. Katikati ya mche ilikuwa sm 97.5, ukifuata alama ya penseli, fundo linaangukia kwenye bawa, karibu kabisa na mpini, pale mzigo unapoanza. Nilikata sm 25 kutoka upande wa kileleni. Ukabaki mti wa sm 170, na fundo likajikuta katikati ya mpini. Kwa sababu hiyo huwa sikati mche mfupi msituni hata kama mbebaji analalamika juu ya pikipiki. Sentimita 20 za ziada ndizo zinazokupa ruhusa ya kuusogeza mpini.

Urefu wa upinde wote unatoka kwa mwenye kuuvuta. Apanue mikono, upime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ugawe kwa 2.5: hapo una makadirio ya kina chake cha kuvuta. Mwenye upana wa sm 170 anavuta kama sm 68. Kwa upinde wenye mpini mgumu, zidisha kina hicho mara mbili, ongeza sehemu isiyopinda, ambayo ni mpini wa sm 10 na miteremko ya sm 5 kila upande, halafu ongeza kidogo cha usalama. Mara mbili ya 68 ni 136, na 20 ni 156. Mimi namchongea sm 165 hadi 170. Upinde wa mjomba, unaopinda hadi mkononi, hauna zile sm 20 za kulala bure, kwa hiyo ulikuwa mfupi zaidi na haukuumia. Na wawindaji wa msitu wa Ituri, Wambuti, wanatumia pinde fupi sana kwa sababu wanapita vichakani, ila hawavuti mbali. Huwezi kuchukua ufupi wao ukauvuta hadi kwenye sikio.

Wanaotaka upinde mfupi kwa sababu unapendeza hawakosekani. Nawaambia ufupi unalipiwa, ama kwa kina cha kuvuta, ama kwa uhai wa mti. Kwa upande mwingine upinde ukitoka dhaifu kuliko ulivyopanga, kukata ncha kunaupa nguvu: sentimita mbili au mbili na nusu kila upande, na mizani ya kuning'iniza itaonyesha kilo zimepanda. Kata pande zote mbili kwa kipimo kimoja, la sivyo umehamisha katikati bila kujua. Kama ilivyokuwa kwa Mbidi wetu, kuhamisha katikati ni dawa nzuri pale tu unapoikusudia.

Majira nayo yana neno. Huku kiangazi kinashika kuanzia Mei hadi Septemba, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na mti uliokatwa mwezi Juni unapasuka pia ukiuacha hivihivi. Ncha zake nazipaka rangi ya mafuta siku hiyohiyo ya kukata, naulaza kivulini, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Mti uliosawazishwa wakati wa mvua unakuwa mgumu kidogo ukifika Agosti, na ule wa Agosti unalegea Januari. Bawa jembamba linakauka na kulowana haraka kuliko nene, kwa hiyo hata ile tofauti ya mm 3 hadi 6 inaweza kuhama. Naipima tena msimu ukigeuka, na pinde zangu zote nazipaka mafuta au vanishi, mpini kwa mwisho.

Mpini unakuwa wa mwisho kwa kila kitu. Nauacha mnene kupita kiasi, bila ngozi, upinde ukiwa umeshasawazika kwenye ubao, na mwenyewe anaondoka nao hivyo arushe mishale kama mia, kwa kina kamili, shabaha ya karibu. Anaporudi nausoma mti. Jasho na vumbi vimeacha doa pale mkono ulipokaa kweli, ambapo si lazima pawe pale tulipopanga, na manyoya ya mishale yamekwangua mstari mdogo ubavuni. Doa likiwa chini sana, na ule mm 3 umepotea, naongeza kazi kidogo kwenye tumbo la bawa la juu. Mstari wa manyoya ukiwa unachana ngozi ya shahada, napandisha kikalio cha mshale kwa kipande cha ngozi. Baada ya hapo nauchonga mpini kwa tupa kufuata lile doa, naufunga ngozi ya mbuzi iliyolowekwa, na mshono nauweka upande wa mgongo, pale ambapo kiganja hakisukumi, ili usije ukamchubua.